Mchanga wa Sista Mlezi

Tangu shule ianze kupokea wasichana, mabweni yametenganishwa na ukanda wa mchanga, na Sista mlezi huufagia kila jioni akirudi kinyumenyume, ili asubuhi aone nani amevuka. Sheria ni yake: hakuna mwanamke wa kwenda upande wa wavulana, hata masista. Ukimwamkia shikamoo, huitikia marahaba akitazama viatu vyako. Daftari la mvulana likiazimwa na msichana, hulikung'uta kwanza. Lisipodondosha barua hulikunjia uso, kana kwamba limemdanganya.

Jumatatu moja wasichana waliamka wakakuta nyayo za mtu aliyevuka pekupeku na kurudi. Sista akawapanga mstari, akawavua viatu, akasema mwenye nyayo atarudishwa kwao kabla ya chai. Kulinganisha miguu akamwachia kiranja wao, Consolatha. Consolatha akainama. Kidole gumba cha unyayo ule kilikuwa kimelalia cha pili. Mguu wa namna hiyo aliuona mara moja tu, Alhamisi Kuu, padri alipomwosha Sista miguu. Akainua macho ng'ambo. Kwenye dirisha la Anakleti, aliyekuwa siku ya tatu na malaria, kilikaa kikombe cha uji cha nyumba ya masista.

“Umeona nini?” Sista akauliza.

“Sijaona kitu, Sista. Upepo umeziharibu.”

Sista akamtazama miguu, kisha, kwa mara ya kwanza, usoni. Tangu siku hiyo daftari la Consolatha hukung'utwa mara mbili.