Glenys na Rimu za Inchi Ishirini

Glenys Tranter hakuumbiwa kukaa. Maisha yake yote ya kazi aliendesha greda la halmashauri, akisawazisha barabara za vumbi za magharibi mwa Queensland, akilala kwenye karavani kando ya njia na kunywa chai ya rangi iliyokolea moshi. Greda lilimpa mshahara, likamla mgongo. Daktari alipomwambia kwamba pingili za kiunoni zimesagika na kazi basi, alirudi nyumbani Wirrabilla kama mbwa aliyetiwa mnyororo.

Alipanga vikombe, akavipangua. Alianza kupaka rangi ukuta wa jikoni, akauacha nusu. Lori la ng'ombe likipita barabara kuu, alisimama dirishani mpaka mlio wake upotee.

"Wewe mwanamke, keti basi!" alisema Col, mumewe. "Unanitia kizunguzungu."

"Nikiketi naumia."

"Na ukisimama?"

"Naumia vilevile. Bora niumie nikiwa safarini."

Taabu ilikuwa hiyo safari yenyewe. Pikapu yao waliinunua kwa kijana mpenda mapambo, aliyeifunga rimu za inchi ishirini zinazometa kama sinia za harusi, zikazungushiwa tairi nyembamba mithili ya mkanda. Kwenye lami ilikuwa raha tupu. Lakini lami ilipokwisha, yale makunyanzi ya barabara ambayo Glenys aliyafuta miaka nenda miaka rudi yakawa kama yanamlipizia kisasi. Kila moja lilipiga rimu, rimu ikapiga bodi, bodi ikapiga kiti, na kiti kikampiga palepale pabovu. Safari ya kwanza hawakufika mbali. Alimwambia Col ageuze gari, akarudi amelala kiti cha nyuma, machozi yakimtoka, na mengi yalikuwa ya hasira.

Kesho yake alikwenda kwa Voula, mwanamke mnene mwenye duka la matairi karibu na kituo cha mafuta. Walijuana tangu ujana.

"Voula, nipe tairi kubwa kuliko zote ulizonazo."

"Makubwa! Unakwenda kulima?"

"Nataka nipite juu ya mawe kama nimelala kitandani."

"Ukubwa si ulaini, shoga. Kaa kwanza nikueleze."

"Hicho kitako cha kukaa ninacho? Funga tairi, mama."

Voula akashusha pumzi, akafunga. Zilikuwa tairi ndefu, zenye meno kama ya mamba, nzito hata usukani ukawa mgumu. Wakikata kona zilikwaruza madigadi. Lamini zilinguruma hadi Col akazima redio, maana haikusikika tena. Na mgongo? Afadhali jana. Tairi zile zilikuwa na matabaka mengi, zimetengenezwa kubebea mizigo mizito, na pikapu ilikuwa tupu. Hazikubonyea hata kidogo. Kila jiwe Glenys alilijua kwa jina.

Walipofika uani Col akasema, "Angalau tumeonekana vijana."

Glenys alimrushia kofia. Wakacheka. Kisha akaegemea mlango wa gari, akashindwa kuingia ndani kwa maumivu.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa haikaliki. Alitembea ukumbini hadi zulia likakunjamana, na asubuhi moja akakuta funguo za gari hazipo kwenye msumari.

"Col, umeficha funguo?"

"Nimeficha. Nataka mke, sitaki maiti ya barabarani."

"Maiti ni huyu anayezunguka meza!"

Col alikuwa ameshika taulo la vyombo, analisokota. Glenys akavaa kofia, akatoka kwa miguu, jua likiwa limeshawaka, akashika njia ya kwa Voula.

"Leo nimekuja na masikio," alisema mlangoni.

"Yalikuwa wapi siku ile? Nilikuwa naongea na kisogo." Voula akavuta tairi moja, akaligonga ubavuni. "Kinachokupumzisha ni upepo uliomo humu, siyo chuma. Urefu wa tairi zima ubaki uleule wa kiwandani, ili dashibodi isikudanganye mwendo. Ila rimu tuishushe. Ubavu unapata nafasi, upepo unaongezeka, kishindo kinafia humu ndani kabla hakijakufikia."

"Basi nishushie mpaka kumi na tano."

"Breki zitagonga rimu. Gari lako mwisho kumi na saba. Na matabaka ya wastani. Wewe hubebi ng'ombe."

"Nambeba Col."

"Huyo hata baiskeli inamtosha. Sasa sikia: ukiingia vumbini, punguza upepo, na mwendo pia upunguze. Ukirudi lamini, jaza."

Col mwenyewe ndiye aliyeileta pikapu dukani jioni ile, bila kuombwa. Voula akafunga rimu za kumi na saba, na zile za kumeta akazichukua auze.

Walitoka Jumamosi. Lami ilipokwisha Glenys akateremka kupunguza upepo. Makunyanzi ya kwanza yalipokuja alikunja uso akingoja kipigo. Gari likatikisika, likanesa, likapita. Kiuno kiliuma, lakini maumivu ya kuvumilika, kama jino linalokumbusha tu kwamba lipo.

"Vipi?" Col aliuliza.

"Nyamaza, nasikiliza."

Mchana walifika kwenye uzio wa mpaka wa wilaya. Ng'ambo yake barabara iliendelea, nyekundu, imenyooka. Hapo ndipo greda lilipogeuzwa siku zote; kule kulikuwa kwa halmashauri nyingine. Col alishasimamisha gari, akijua mwisho wa safari ni pale.

"Kuna nini huko mbele?" aliuliza.

"Sijui," Glenys alisema. "Sijapata kufika."

Alishuka, akanyoosha mgongo, akazunguka hadi upande wa dereva. "Sogea."

Usiku wakalala kwenye hoteli ndogo ya mabati ambayo hawakuwahi kuisikia. Glenys alilala chali sakafuni, kiuno kikipwita, akimuuliza Col kama barabara ile inaishia hapo au inaendelea.