Namba Kwenye Ukurasa wa Mwisho

Ukipita Birere, mjini Goma, ukatazama vibao vya saluni, vya duka la dawa, vya fundi viatu, shusha macho chini, kona ya kulia. Namba ya simu utakayoiona pale ni ya Donatille. Kuna vibao ambavyo kutu imekwisha kula hata jina la duka, lakini namba bado inasomeka, maana aliiandika kwa rangi nyekundu na kuipitia mara mbili. Ndiyo desturi ya wachoraji wa vibao: picha ni ya mwenye duka, kona ni ya mchoraji. Donatille alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na minne. Mkono wake ukimaliza picha, ulishuka konani wenyewe bila kuagizwa, na mazoea, jamani, yana taabu.

Namba hiyo hakutaka kuibadilisha kwa lolote. Sababu mtaa mzima uliijua. Mwezi wa tano 2021, mlima wa moto ulipopasuka ile Jumamosi jioni, Donatille alitoka Buhene mbio, mfuko kichwani, na binti yake Munezero wa miaka mitano mkononi. Walifuata watu waliokuwa wanakimbilia Sake, upande wa magharibi. Walipofika Ndosho mfuko uliteleza. Aliachia mkono wa mtoto ili audake mfuko. Ni muda wa kupiga chafya tu. Alipourudisha mkono chini, alipapasa miguu ya watu wengine.

Kabla hawajatoka nyumbani, jirani alikuwa amempa kalamu ya bic akamwambia, "Mwandikie mutoto namba yako ku mukono." Wamama wengi walifanya hivyo siku ile. Donatille alijibu haina haja, watakuwa pamoja. Jibu hilo lilimkaa kooni miaka yote iliyofuata. Munezero namba aliijua nusunusu. Alizoea kuiimba akiruka kamba, na mwishoni alikosea kila mara. Kwa hiyo simu ya mama yake haikuzimwa hata siku moja, na chumba alikipanga palepale Ndosho, kando ya barabara. Watu wenye huruma walipoanza kumwita Donatille, aliwakatiza. "Niite Mama Munezero," alisema. "Mutoto hajakufa, amepotea."

Haya. Mwaka 2024, mwezi wa kumi na moja, akaja Bashige. Huyu ni mwalimu mstaafu, mtu wa Bukavu aliyehamia Goma, anayetunga na kuchapisha vitabu vya watoto. Alikuwa na hadithi fupi kuhusu mlima: ukipasuka, mtoto afanye nini. Kurasa kumi na mbili, na picha hata moja hakuna.

"Mama Munezero, niko na siku tisa tu," alisema. "Imprimerie ya Bukavu imenipa nafasi moja ya kuchapa mbele ya Noeli. Canot ya kuvuka ziwa inaondoka Ijumaa saa nane. Ikiniacha, kitabu kimekufa."

Miaka thelathini mtu huyu amewaandikia watoto ubaoni kwamba haraka haraka haina baraka. Siku hiyo hakuikumbuka. Alimpa Donatille karatasi na sharti moja.

"Ukurasa wa mwisho, mama anaandika namba ku mukono wa mutoto wake. Lakini ule mukono uache wazi kabisa. Kila muzazi ataandika yake. Umesikia?"

"Nimesikia, mwalimu."

Na kweli alisikia. Masikio yake hayakuwa na kosa.

Akaanza kazi. Ukurasa wa tano ulitaka watu wanaokimbia mlima kwenda Sake, magodoro kichwani, masufuria mkononi. Alichora akiwa dirishani, na nje, kwenye barabara ileile, watu walikuwa wanatoka Sake kuja Goma, magodoro kichwani, masufuria mkononi. Vita ilikuwa imefika huko. Watu wa kwenye karatasi walikimbilia mahali ambapo watu wa dirishani walipakimbia, na Donatille akaogopa. Je, akimwambia Bashige? Lakini abadilishe nini? Mlima uko kaskazini, ziwa liko kusini, na mashariki mpaka unafungwa wanapotaka. Aliendelea kupaka rangi.

Mabomu yalisikika mchana kutwa upande wa Sake. Alijifunza kuinua brashi kwenye kila mlio, ili mstari usipinde. Siku ya tatu mwanamke mmoja aliomba maji mlangoni, na Donatille akamwona mtoto mgongoni mwake, akamwangalia usoni zaidi ya adabu. Alifanya hivyo kwa kila mtoto. Waliomjua walimwachia.

Nyuso aliziacha mwishoni, kama kawaida yake. Ijumaa, saa sita na nusu, ulibaki uso mmoja tu, wa mtoto wa ukurasa wa mwisho. Alikuwa amechoka, macho yanamwasha. Alichora paji la uso, pua, kidevu, kisha mwanya wa meno ya mbele, na Munezero akawa anamtazama kutoka kwenye karatasi. Donatille alilia huku anachora, hakuficha, nani angemwona? Mkono wa yule mtoto ulinyooshwa chini ya ukurasa, kona ya kulia. Brashi ikashuka.

Alipofuta machozi, namba yake ilikuwa imeandikwa pale, nyekundu, tarakimu zote kumi.

Nisimsingizie mtu. Hadi hapo ni mazoea, na angeweza kuifuta. Rangi ya ngozi ilikuwa bado mbichi kwenye kifuniko, ingetosha kupitisha brashi mara mbili. Aliichovya. Akausogeza mkono wake kwenye ule mkono mdogo, akashindwa. Mara ya kwanza alikataa kuuandika, leo aufute? Akajiambia ni picha tu, itamdhuru nani. Honi ya pikipiki ikalia nje.

"Imekauka?" Bashige aliuliza, macho yako kwenye saa.

"Imekauka."

Alikunja karatasi bila kuzitazama, akapanda, akaenda bandarini.

Maji yakimwagika hayazoleki. Vitabu vilirudi vimechapwa vizuri, na wiki za kwanza za mwezi wa kwanza viligawanywa mashuleni na kwenye kambi za wakimbizi. Bashige alikuja na kimoja mkononi, kimefunguliwa mwishoni. Hakupandisha sauti.

"Nilikuambia wazi."

"Ni mufano tu, mwalimu."

"Mutoto hajui mufano," alisema. "Mutoto anafanya vile anaona."

Mwisho wa mwezi huohuo vita ikaingia mjini. Donatille alilala chini ya meza siku tatu, risasi zikipita juu ya mabati. Kambi zilitawanyika, watu wakakimbia wasijue wanakwenda wapi. Umeme ulikatika, simu zikanyamaza. Siku ya nne, asubuhi, rezo, mtandao wa simu, ikarudi, na simu yake ikalia.

"Ni mwenye namba hii?" Sauti ya mwanamke. "Miye Louise, nauzisha samaki hapa ku soko ya Kituku. Niko na mutoto. Namba yako iko ku mukono wake."

Donatille aliibana simu sikioni. "Ni musichana?"

"Musichana."

"Ako na miaka ngapi?"

"Tano, ao sita. Anaogopa kusema."

Munezero angekuwa anakaribia tisa. Hesabu hiyo aliijua vizuri sana, lakini miguu yake ilikuwa imekwisha kutoka. Alitembea kwa haraka, milango yote imefungwa, njia zimejaa nguo zilizodondoshwa. Kabla hajafika, simu ililia tena. Mwanamume, yuko parokiani: kuna mvulana hapa, ana namba yako mkononi. Kisha mwanamke wa Himbi: wawili, ndugu, namba ni hiyohiyo. Hapo ndipo Donatille alipoelewa alichokifanya, akasimama katikati ya barabara.

Louise alikuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Kando yake, amefunikwa kitenge, msichana mdogo. Alisema anaitwa Niyigena. Donatille alipiga magoti, akaugeuza ule mkono taratibu. Bic nyekundu, imepitiwa mara mbili.

"Nani alikuandika hii, mama?"

"Miye mwenyewe. Iko ku kitabu."

"Na namba ya mama yako? Ni ngapi?"

Mtoto alimtazama kama mtu anayeulizwa kitu cha kijinga, akaunyoosha mkono wake karibu zaidi.

"Ni hii."

Alikuwa ameiandika vizuri, hakukosea hata mwishoni.