Mchicha Chini ya Kawa

Mimi darasa nililofika ni la pili, basi. Cherehani yangu pale Ngamiani niliinunua kwa jasho langu, na hakuna aliyewahi kunifundisha kula. Kwa hiyo daktari aliponiambia nina jongo, ugonjwa wa kuvimba viungo, nisile pweza, maini wala nyama, nilimwona hana adabu.

Lakini mguu wa kulia ulinitia adabu mimi. Kidole gumba kikivimba, hata shuka ikikigusa napiga ukelele. Wa kushoto nao una ganzi. Daktari alisema mishipa ya fahamu imeharibika. Mmoja unapiga kelele, mwingine umelala. Siku moja nakanyaga cherehani kwa bidii, kumbe mguu umeteleza kwenye pedali, nakanyaga sakafu. Mteja akauliza, "Fundi, unashona au unatwanga?"

Nilipewa sindano za mishipa ya fahamu na vidonge vya jongo. Vidonge vile vinatuliza kidole, lakini vinafungua tumbo. Sasa ukimbilie chooni kwa miguu ipi?

Maulidi ikakaribia, kanzu za watu zimejaa mezani, msaidizi sina. Mke wangu akasema, "Bwana, ukilala na mguu sasa, watu watakwenda kwenye Maulidi wamejifunga vitambaa." Nikamwambia mimi ni mwanamume, najiweza. Akacheka.

Katikati ya kazi hiyo tukaalikwa harusi Usagara. Wanaume tulikaa barazani, watu wanne kila sinia la pilau. Kando yangu alikaa muuza samaki mmoja wa Makorora, mteja wangu. Kwetu, mwenzako akikusogezea nyama upande wako, unakula. Ukikataa, umemdharau mwenye shughuli. Naye alinirundikia minofu mpaka wali haukuonekana. Mate yakanijaa. Nikajiambia, kipande kimoja kitanifanya nini? Nikanyoosha mkono.

Hapo ikaletwa sahani iliyofunikwa kawa, kutoka uani, ambako mke wangu alikuwa akipika na wanawake wenzake.

"Ya fundi," akasema aliyeileta.

Chakula cha chini ya kawa huwa cha mtu mkubwa. Nikajivuna. Nikafunua mwenyewe, polepole, watu waone.

Mchicha na muhogo wa kuchemsha.

Baraza zima likaangua kicheko. Muuza samaki akapiga paja. "Ala! Fundi, kumbe wewe ndiye uliyeolewa!"

Nilitaka kuirusha ile sahani. Kisha nikaikumbuka kanzu yake.

"Kanzu yako ya Maulidi," nikamwambia, "haijatiwa mikono. Nikila nyama hii, kesho kidole kimevimba, sikanyagi cherehani. Niambie wewe, nile?"

 Akaitazama nyama, akautazama mguu wangu. Kisha akaizoa minofu yote, asibakize hata mfupa, akanisogezea sahani.

"Kula mboga, kaka. Kula."

Sauti ikatoka sinia la pili, "Na yangu je, fundi?"

"Hata kukatwa haijakatwa."

"Basi mwongezeni mchicha!"

Nilirudi nyumbani nimevaa kubadhi moja langu na moja la muuza samaki. Mguu wa ganzi haukuniambia kitu, mke wangu ndiye aliyeona. Asubuhi muuza samaki mwenyewe akaja kulidai. Alinikuta kwenye cherehani, natia mikono kanzu yake. Akakaa kizingitini, kubadhi langu mkononi, hakutaka kunikatiza.