Fundi Hhando, Sauti ya Polisi wa Kihindi

Fundi Hhando anashona kwenye baraza ya duka la Mhindi hapa Karatu, na hapa kwetu simjui mwingine anayeelewa Kihindi. Alikwenda Arusha akiwa na miaka kumi na minne, akashona vifungo kwa fundi mmoja wa Kihindi miaka kumi na mmoja, na kila Jumamosi tajiri wake alimpa tiketi ya sinema badala ya chakula cha jioni. Nilimuuliza kama hakuona njaa. Akasema, "Njaa niliiona, lakini na ngumi niliziona."

Kwa hiyo sinema ya Kihindi ikija, mkalimani ni yeye. Inaonyeshwa ukumbi wa parokia, Jumapili mchana baada ya misa, madirisha yakiwa yamezibwa kwa mablanketi. Fundi anasimama kando ya shuka jeupe, ameshika rula yake ya mbao, na kila aliyemo kwenye picha anamsemea yeye: polisi kwa sauti nzito, mama mtu kwa sauti ya kilio, jambazi kwa sauti ya puani. Mabibi wasiokijua Kiswahili vizuri anawatupia Kiiraqw humohumo.

Mwaka jana, 1984, ililetwa sinema ya polisi mwaminifu anayepambana na waziri mla rushwa. Mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto, aliketi kiongozi wa kata yetu, ambaye sote tunamwita Mheshimiwa. Kabla haijaanza alimwita Fundi. Mimi nilikuwa benchi la pili, nikasikia.

"Hhando, picha hii nimeshaiona Arusha. Yule mnene usiseme ni waziri. Sema ni mfanyabiashara."

"Mheshimiwa, watu wana macho."

"Na wewe una cherehani. Kesho si unakuja nikusainie kibali cha baraza?"

Kibali hicho husainiwa kila mwaka. Bila saini, cherehani inarudi nyumbani kwake, kule bondeni, ambako hakuna mpita njia mwenye suruali iliyochanika. Na Fundi ana watoto sita. Akasema, "Sawa."

Akaanza vizuri. "Huyu mnene ni mfanyabiashara," akatangaza. Mara mfanyabiashara akapanda jukwaani, akavishwa maua, akahutubia umati.

"Fundi mwanangu," akauliza jirani yetu Bibi Leonida, "mfanyabiashara gani gari lake lina bendera?"

"Anauza bendera, bibi!" akadakia Clemensi, yule wa shamba la kahawa. Watu wakacheka.

Fundi hakucheka. Alitazama rula yake kidogo. Kuanzia hapo akafanya jambo ambalo sijawahi kuliona: polisi alimsemea neno kwa neno, lakini mnene alipofungua mdomo, Fundi alifunga wake.

"Mzee, mahindi ya wananchi yamekwenda wapi?" akauliza polisi.

Mnene akachezesha midomo. Fundi kimya. Tukangoja.

"Njoo kesho!" akajibu Bibi Leonida.

Ukumbi ulilipuka. Polisi akauliza nani alitia saini, na Clemensi akamjibu, "Suala lako linashughulikiwa!" Kutoka nyuma mwingine akasema, "Kikao bado hakijakaa!" na mwingine, "Sukari iko njiani!" Hakuna aliyehitaji mkalimani. Maneno hayo tunayasikia kila wiki, na ofisi yenyewe tunaijua.

Mheshimiwa hakutoka. Angetoka, tungejua amejitambua. Alikaa mpaka mwisho, shingo imekakamaa kama amevaa shati pamoja na hanga la kulitundikia.

Jumatatu mama alinituma ofisini kufuata barua ya shule. Foleni ilikuwa ndefu. Fundi alikuwa mbele na karatasi yake, nyuma yake Bibi Leonida. Mheshimiwa aliitazama ile karatasi muda mrefu.

"Bwana Hhando," akasema, "njoo ke..."

Akanyamaza. Bibi Leonida akakohoa. Foleni nzima tukatazama dari. Mheshimiwa akachukua kalamu akasaini kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

Tangu siku ile sinema ya Kihindi haijaletwa tena. Tukiuliza, tunaambiwa suala la ukumbi linashughulikiwa. Fundi yuko palepale barazani, na ukimpelekea sketi apunguze pindo, anakusimulia mapigano ya mwisho bure.

Juzi nilimuuliza yule waziri alikuwa anasema nini hasa kwenye picha, pale yeye aliponyamaza.

Akaukata uzi kwa meno. "Hayohayo," akasema.