Kitanda cha Kaze

Kila asubuhi, kabla hajafungua ofisi wala kubandika chai, Béatha huenda hadi mwisho wa korido, akabisha hodi kwenye mlango wa chumba cha mwisho, kisha akasubiri. Husimama kama mgeni mwenye adabu, kichwa kimeinama kidogo, sikio limeelekea mbao. Baada ya hapo huingia, hugeuza mto, hunyoosha shuka ambalo halijakunjika, hufungua dirisha na kutoka. Chumba hicho hakina mpangaji.

Gwiza alimwona akifanya hivyo siku yake ya kwanza kazini, akanyamaza. Alikuwa msichana wa kunyamaza. Alikulia mtaa wa Niboye, jijini, akamaliza chuo kikuu, na saa ya chakula cha mchana alipenda kukaa na kitabu kuliko kukaa na watu. Mtu wa namna hiyo kupewa kazi ya kuomba michango kulimshangaza hata mama yake.

Nyumba yenyewe iko Ndera, nje kidogo ya jiji, kati ya mashamba ya maharage na majumba mapya yanayoyala mashamba hayo mwaka hadi mwaka. Hupokea wanawake waliotoka hospitali ya magonjwa ya akili wakiwa wamepata nafuu, ila ndugu zao bado hawajawa tayari kuwapokea. Wanakaa miezi michache, wanapika, wanalima bustani, wanazoea tena kulala bila taa. Béatha, aliyelelewa Ngara, ng’ambo ya mpaka, hadi wazazi wake waliporudi nyumbani Rwanda, ndiye aliyekuwa akiwatafuta watu wa kuitegemeza. Sasa miguu ilikuwa inamuuma, na Gwiza alitakiwa ajifunze kazi hiyo.

“Wewe umesoma,” Béatha alimwambia, “lakini unaomba kama mtu wa mnada. Sauti moja kwa wote. Kila mtu anayetoa ana jambo lake. Litafute kwanza.”

Akamtembeza. Mtaani Nyamirambo walikaa dukani kwa Hajati Mukandekezi, muuza vitenge, wakanywa chai ya tangawizi na kuzungumza habari za magoti mpaka Gwiza akadhani wamesahau walichokuja kufanya. Walipoinuka, Hajati alisema, “Blanketi iko, nitatuma. Lakini jina langu usiandike mahali. Ukiandika, mwaka kesho usikanyage hapa.” Wafadhili waliokulia Kampala, mawakili na watu wa benki, walikuwa kinyume chake. Wao walikuwa na kundi lao kwenye simu, walitaka picha na takwimu, na walitaka kushukuriwa mbele ya wenzao ili wapate kutaniana: “Rwema, huo mchango wako ni wa supu au wa kijiko?” Wakristo wa kanisa moja la Kagarama hawakutaka takwimu wala picha. Walitaka mtu asimame mbele yao aseme alivyokuwa na alivyo sasa.

“Na mzee Habiyaremye?” Gwiza aliuliza.

“Huyo mpe habari za kitanda. Basi.”

Mzee Habiyaremye, mwalimu mstaafu wa Kagarama, ndiye aliyelipia pango la nyumba nzima. Binti yake Kaze aliwahi kuishi katika chumba cha mwisho. Asubuhi moja alichukua kidumu akaenda kununua maziwa, na hakuonekana tena, yeye wala kidumu. Walimtafuta hadi watafutaji wakaanza kutazamana. Hapo baba akaja na ombi moja: kitanda cha mwanawe kiwe kimetandikwa daima, na kila Ijumaa apigiwe simu aambiwe kikoje. Aliahidiwa, naye akalipa, mwaka baada ya mwaka, bila kukumbushwa.

Mvua za masika zilipoanza, aliletwa Lillian. Kaka yake alikuwa ameahidi kumchukua, kisha simu yake ikazimwa. Vitanda vilikuwa vimejaa, hivyo akatandikiwa godoro chini, kwenye chumba cha kulia. Usingizi haukuja. Sakafu ilitoa unyevu, watu walipita, na kila kulipokucha alikuwa ameketi chini ya meza na macho mekundu. Muuguzi aliyekuja kumwangalia alisema waziwazi kwamba mgonjwa huyu asipopata usingizi wiki hiyo, itabidi arudishwe wodini.

“Nikirudi sasa, sitatoka tena,” Lillian alimwambia Gwiza, kwa sauti ya mtu anayesema kesho kutanyesha.

Gwiza akamwendea Béatha, ambaye wote nyumbani walimwita Tantine, yaani shangazi. “Tantine, chumba cha mwisho kina kitanda.”

“Kile kina mwenyewe.”

“Lakini hayupo.”

Béatha aliendelea kuchambua mchele. “Mzee akikasirika, wanalala nje wote, si Lillian peke yake.”

Basi Gwiza akafanya alichokijua. Aliandika ombi zuri la kuongeza chumba, lenye aya fupi na maneno yaliyopimwa, akatafuta picha ya kuliambatanisha. Chumba pekee kilichopendeza machoni kilikuwa kile cha mwisho. Aliingia, akapiga picha ya kitanda kikiangazwa na dirisha, akatuma ujumbe uleule kwa wafadhili wote kwa pamoja. Alifurahi kwamba hakulazimika kuongea na mtu.

Majibu hayakuchelewa. Hajati alipiga simu. “Mwanangu, siku hizi mnauza vitanda?” Kundi la Kampala liliuliza takwimu ziko wapi. Kanisa lilijibu kwamba litaomba. Kisha akapiga mzee Habiyaremye, sauti yake ya upole, ya mtu aliyezoea kuwasomea watoto imla.

“Nimeiona picha. Nashukuru sana, sikutegemea. Lakini Kaze amekonda. Mbona kila Ijumaa hamkuniambia kuwa amekonda?”

Mzee alisema atakuja kesho yake, akakata.

Gwiza aliifungua picha. Mto, shuka, ukuta wa kijani, mwanga wa dirishani. Aliikuza hadi nyuzi za shuka zikawa mistari. Akamkabidhi Béatha simu, akingoja acheke, aseme mzee macho yake yamechoka. Béatha aliitazama kwa muda mrefu, akairudisha ikiwa imelala kifudifudi.

“Ulibisha hodi?”

“Sikubisha.”

“Basi ndiyo maana hakupata nafasi ya kuinuka kitandani,” alisema Béatha, akarudi kwenye mchele wake.

Mzee alikuja asubuhi, koti limefungwa vifungo vyote, mkononi kidumu kipya chenye maziwa. Walimkaribisha chumba cha kulia. Lillian alikuwa chini ya meza, magoti kifuani, na mzee alimsalimia kama vile hapo ndipo watu hukaa siku zote. Gwiza alikuwa amepanga maneno usiku kucha: ya takwimu, ya ushuhuda, ya kuomba radhi. Yote yalimkimbia.

“Mzee,” alisema, “huyu ni Lillian. Hana mahali pa kulala. Asipolala atarudishwa hospitali. Picha ile niliituma kwa sababu naogopa kuongea na watu. Nakuomba kitanda cha Kaze.”

Béatha alifumba macho.

“Ungeniambia hivyo kwenye simu,” alisema mzee, bila ukali. “Mimi nalipia nyumba tu. Kitanda si changu. Muulizeni yeye.”

Akatazama mwisho wa korido, wakamfuata wote, Lillian nyuma akiburuta blanketi lake. Béatha alibisha, akainamisha kichwa. Gwiza alisimama karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake. Ndani kulikuwa kimya. Kisha chaga za kitanda zikalia, polepole, toka upande mmoja hadi mwingine, kama mtu aliyelala katikati anavyojisogeza ukutani kumpisha mwenzake.

Mzee alikiweka kidumu sakafuni, karibu na mlango.

“Asante,” alisema Béatha, akafungua. Kitanda kilikuwa kimetandikwa kama alivyokiacha. Akamgeukia Lillian. “Ingia. Lala upande wa nje.”

Lillian alilala tangu asubuhi ile hadi kulipopambazuka siku ya pili. Alipokuja kunywa chai, macho yake yalikuwa meupe, na shavuni alikuwa na alama ya mto.

“Umelala?” Gwiza alimuuliza.

“Nimelala. Tulibanana kidogo, lakini nimelala.”

Wanawake wengine walicheka wakidhani ni mzaha. Lillian mwenyewe hakucheka, alikuwa anatafuta sukari.

Muuguzi alikuja, akamtazama, akasema hakuna haja ya wodi. Ijumaa ilipofika Gwiza ndiye aliyepiga simu Kagarama. Hakuandika kwanza atakachosema. Alimwambia mzee kwamba mvua imepungua, kwamba dirisha linafunguliwa kila siku, na kwamba wanalala vizuri.

“Wote wawili?”

“Wote wawili.”

Alimsikia mzee akishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Pango lililipwa kama kawaida.

Jioni hiyo Gwiza na Béatha walikuwa uani wakianua nguo. Mashuka ya chumba cha mwisho yalikuwa kwenye kamba pamoja na mengine, na kwa mara ya kwanza tangu Gwiza afike yalikuwa yamelaliwa. Alikuwa amelibeba swali lake moja tangu siku ya kwanza. Alilitoa akiwa nyuma ya shuka, asionekane uso.

“Tantine, kwa nini ulianza kubisha hodi?”

Béatha aliweka vibanio vyake kwenye aproni.

“Kwa sababu siku moja niliingia bila kubisha, na Kaze akashtuka kuliko mimi.”