Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Nilikuwa na miaka kumi na sita, na tumbo lisilojua kushiba. Kila asubuhi mimi na rafiki yangu, binti wa jirani, tulishuka mlima na bidoni ya maziwa ya nyumbani kwetu, tukayapeleka Masisi kwa mzee aliyetengeneza fromaji, jibini la kwetu. Njiani tulipumzika kwenye kijito. Tulikunywa maziwa mpaka midomo ikawa myeupe, kisha tukajazia maji. Kipimo cha kioo ambacho mzee alitumia kutambua maziwa yenye maji kilivunjika siku tuliyokimbia vita, basi tukajiona wajanja. Wajanja gani! Maziwa yenyewe yalituchongea.

Fromaji za mzee zilianza kulegea kama uji. Siku moja akatenga maziwa ya kila nyumba katika beseni la peke yake. Ya wengine yakaganda, ya kwetu yakakataa.

"Wewe mutoto, mimi nakupeleka ku bariyeri!" alifoka.

Bariyeri ilikuwa kizuizi cha wenye bunduki. Kijana aliyefikishwa pale aliishia kuwabebea mizigo msituni, na si wote waliorudi. Mama alimpigia mzee magoti. Mwalimu wetu naye akamsihi anipeleke kwanza kwa baraza la vijana, wenzetu saba waliokaa darasani kila Jumamosi kusikiliza makosa ya rika lao, ili yasifike bariyeri. Mzee alikubali shingo upande. Nikidanganya hata mara moja, alisema, ananichukua.

Jumamosi niliingia darasani. Kwenye benchi la majaji, wa tatu kutoka dirishani, alikaa rafiki yangu. Alichaguliwa muda mrefu kabla ya hapo, kwa sababu alijua kusema. Hakunitazama.

"Dada, mayi iliingia namna gani mu maziwa?" aliuliza mkubwa wao.

"Nilianguka ku matope," nikasema. "Maziwa ikamwangika, nikaogopa mama, nikajazia mayi."

Msifikiri nilikuwa namlinda mtu. Niliona haya tu kuitwa mlafi mbele ya darasa zima. Mzee, aliyekaa nyuma akisikiliza, aliutambua uongo; alichukua kofia yake, akasimama anichukue.

Hapo rafiki yangu akainuka, akaacha benchi la majaji, akaja kukaa kando yangu.

"Hakuanguka, Papa. Tulikunywa, mimi na yeye. Mimi njo nilichota mayi."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mzee hakucheka.

"Na wewe, nani alikuuliza?"

"Hakuna, Papa."

Mzee alimtazama sana. Kisha akaweka kofia chini, akakaa. Nililia pale pale, nikasema yote, hata idadi ya vikombe.

Baraza lilituhukumu mwezi mmoja wa kazi kwa mzee, kufua vitambaa vya kuchujia, kutia fromaji chumvi na kuzigeuza kila asubuhi. Rafiki yangu alipoteza kiti chake. Sijawahi kufurahia adhabu namna ile. Tuliimba, tukanuka maziwa mpaka kwenye nywele, na mzee akatufundisha kujua kwa kidole kama maziwa yameganda sawasawa. Alitugombeza kutwa, nasi tukamzoea.

Siku ya mwisho alinipa fromaji nzima, tuliyoitengeneza kwa mikono yetu.

"Hii mupelekee majaji wenu. Yote."

Tulifika kijitoni njaa ikiuma, tukakaa palepale petu, fromaji mapajani mwangu. Tukatazamana, tukacheka, tukanywa maji.