Makombeo Mawili ya Uzi Mmoja

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu hakikuingia kitu kimoja peke yake. Likija gauni, lilikuja na kaptura. Ukichomwa muhindi, ilichomwa miwili. Mjomba akifika kutoka Shinyanga mjini na andazi moja mfukoni, Bibi alilikata palepale mlangoni kabla hata ya kuitikia salamu, nusu kwa Kulwa, nusu kwangu. Sisi tulikuwa mabasa, yaani mapacha kwa Kisukuma chetu, na kwa Bibi kumpa pacha mmoja kitu na kumnyima mwenzake ilikuwa ni kuita balaa. Ama mmoja wao ataugua, ama kitu chenyewe kitaharibika. Hilo hakulitilia shaka kabisa.

Mimi ndiye Doto, niliyetoka wa pili. Kaka yangu Kulwa alinitangulia kwa muda wa kuchemsha sufuria ya maji, na mpaka leo hajaacha kunikumbusha. Tuliishi na mama kwa Babu na Bibi, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka Kolandoto. Baba alikuwa machimboni upande wa Geita, akichimbua dhahabu ambayo sisi hatukuwahi kuiona hata rangi yake. Ilikuwa miaka ile baada ya vita kubwa, wakati wanaume waliorudi kutoka jeshini walikuwa bado wanavaa makoti yao mazito shambani, jua likiwaka.

Mwaka ninaoukumbuka, mtama ulikubali. Masuke yalijaa mpaka mabua yakainama. Kisha wakaja kwelea kwelea. Asiyewajua ndege wale hawezi kuelewa hofu ya mama alipowaona. Wanatua shambani kama kivuli cha wingu, na wakiinuka unabaki na mabua. Baba hayupo, chakula cha mwaka mzima kimesimama pale nje, na walinzi wake ni watoto wawili.

Babu akaamua. Kulwa atapanda juu ya ulingo, lile jukwaa la miti tulilojenga katikati ya shamba, naye atakuwa na kombeo. Mimi nitazunguka chini nikigonga debe.

Watoto wa siku hizi ukiwaambia kombeo wanafikiri ni manati, yale ya mpira na panda. Kombeo halina mpira. Ni kamba mbili zilizosukwa, katikati zina kifuko cha kupakata jiwe. Kamba moja ina kitanzi unachokivalisha kidole, nyingine ina fundo unalolibana kwa kidole gumba. Unazungusha, unaliachia fundo, jiwe linaondoka na kamba inalia kwa sauti ya kupasua hewa. Ndege wakishaijua sauti ile, mara nyingine huna haja ya jiwe. Debe, kwa upande wake, walilizoea siku ileile. Walikuwa wanakula huku wakinitazama.

Nililitaka kombeo lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Babu alipokaa chini kulisuka, nilikaa mbele yake. Alikwangua jani la mkonge kwa ubao mpaka ukatoka utepe mweupe, akauanika, akausokota juu ya paja lake akiupaka mate na majivu kidogo ili usiteleze. Kisha akafunga ncha kwenye kidole gumba cha mguu na kuanza kusuka, nyuzi nne, ya pembeni ikipita chini ya mbili na kurudi juu ya moja. Alipofika katikati alizigawanya nyuzi, akafuma kifuko, akaziunganisha tena. Hakunifundisha. Lakini vidole vyangu vilikuwa vinatembea vyenyewe gizani chini ya kanga.

Bibi alipita na ungo wake, akasimama.

"Unasuka mangapi?"

"Moja," akasema Babu.

"Na watoto ni wangapi?"

"Kombeo ni la mvulana, mayu, mama yangu. Msichana ana debe."

"Mabasa hawapewi kimoja. Utaona wewe mzee. Mmoja ataugua, au hilo kombeo lako litakosa macho."

Babu alicheka. Alikuwa mtu mwema, ila akishasema jambo halirudi. Mimi niliinuka, na siku zile ugali haukunipita kooni. Mama alinigusa paji la uso akitafuta homa. Haikuwepo.

Siku ya kulijaribu kombeo tulikusanyika wote uani. Babu alikaa kwenye kigoda chake penye nguzo ya jiko, na juu ya kichwa chake kilining'inia kibuyu chake cha maziwa ya mgando, ambacho hata nzi alikiogopa. Kulwa akasimama mbele, akiangalia shambani. Huyu ni Kulwa ambaye kwa jiwe la kurusha kwa mkono tu alikuwa anampiga kenge anayekimbia. Sote tulijua ndege wamekwisha.

Jiwe la kwanza lilipanda juu wima na kuanguka katikati ya kuku. La pili lilikwenda kando, zizini, ng'ombe wakalia.

"Halina macho," akasema Bibi taratibu, akiendelea kupepeta.

"Tulia, ng'wanawane, mwanangu," akasema Babu. "Usiliachie mapema."

Kulwa akatulia. Akazungusha. Jiwe likarudi nyuma, likapita juu ya kichwa cha Bibi na kupiga kibuyu katikati ya tumbo. Maziwa yote yakamshukia Babu, kichwani, masikioni, ndani ya koti lake la jeshi alilopewa na mjomba. Mbwa alikuwa wa kwanza kufika. Mama alikimbilia nyuma ya nyumba ili asionekane anavyocheka. Bibi hakujificha. Alikaa chini, akaweka ungo pembeni na kucheka mpaka machozi.

Babu alijipangusa macho. Alitazama kombeo, akanitazama mimi.

"Haya," akasema. "Lakini mimi msichana simsukii. Anayelitaka alisuke mwenyewe."

Nadhani alitegemea nitashindwa. Bibi, yeye, aliweka masharti yake. Kombeo la Kulwa lifumuliwe lote. Utepe wake usokotwe pamoja na mpya uwe uzi mmoja mrefu, sisi tukae tumeegemeana migongo, kila mmoja asuke kutoka ncha yake, na uzi usikatwe mpaka makombeo yote mawili yamekwisha. Tukakaa. Mgongo wa Kulwa ulikuwa wa moto na ulikuwa unatikisika kwa kicheko. Nilifunga ncha kwenye kidole cha mguu, nikaanza: chini ya mbili, juu ya moja. Babu alikuja kusimama karibu, akainama kutazama. Nilipoanza kufuma kifuko nilimsikia akiguna, na kwa Babu mguno ule ulikuwa sifa.

Tulipomaliza, Bibi alitunyunyizia maji yenye unga wa mtama na kuimba zile nyimbo za mapacha, zenye maneno ambayo katekista wetu akiyasikia alikuwa anapita njia nyingine. Kisha akaukata uzi katikati.

Asubuhi yake nilipanda ulingo wangu mwenyewe, upande wa bondeni. Wingu la ndege liliposhuka nilivaa kitanzi, nikazungusha na kuachia. Kamba ikalia. Ndege wote wakainuka kwa pamoja, na upande wa pili kamba ya Kulwa ikajibu. Nilipiga kelele za furaha mpaka sauti ikanikauka. Mwaka ule vihenge vyetu vilijaa mpaka juu, na wasichana wa jirani walianza kuja kwangu na majani yao ya mkonge.

Kwa maisha yangu yote nimewasimulia wanangu na wajukuu kisa hiki kama ushahidi kwamba Bibi alijua alichokisema. Juzijuzi, kwenye harusi ya mjukuu wetu kule Nyasubi, nilikuwa nakisimulia tena, na Kulwa amekaa pembeni yangu na fimbo yake. Nilipofika kwenye kibuyu, akaanza kutikisika.

"Doto," akasema, "kibuyu kiko nyuma yangu, Babu yuko chini yake, Bibi yuko katikati. Unafikiri jiwe lilijipitia tu?"

Nilimkodolea macho. "Ulikusudia?"

"Kabla ya siku ile nilikwenda kujifunza kule kwenye majabali ya malishoni, kwa kombeo la wachunga ng'ombe. Kupiga nyuma ni kazi, usione mchezo."

"Kumbe Bibi hakusema kweli! Miaka yote hii!"

Kulwa aliacha kucheka. "Alisema kweli. Alisema mmoja wetu ataugua. Wewe ulikuwa umeacha kula."

Nilidhani mwiko ule ulikuwa unawaangalia mapacha kutoka huko juu, kwa wahenga, ukingoja kuadhibu. Kumbe ulikuwa umekaa ndani ya kaka yangu, mtoto mdogo aliyeona sahani yangu imebaki na ugali, akaona bora avunje kibuyu. Bibi, nina hakika, alijua. Ndiyo maana alicheka vile.

Nilimsogezea Kulwa sahani yangu. Ilikuwa imebaki nyama moja. Akaichukua, akaipasua katikati kwa vidole vyake, na nusu akanirudishia.